Kioo cha Mbele Kisichoisha Ukungu: Chanzo Chake na Namna ya Kukitambua

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wakazi wa nyanda za juu kusini huamkia asubuhi zenye baridi kali. Katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, ulio mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, sakitu huweza kutanda juu ya nyasi na juu ya vioo vya magari yaliyolala nje. Hata hivyo, magari ya abiria, ya maziwa na ya viazi hulazimika kuondoka kabla ya jua kuchomoza. Aghalabu dereva huonekana akitazama barabara kupitia kitundu alichokifuta kwa kiganja, ilhali katika barabara hiyohiyo wapo watoto waendao shuleni. Kitundu hicho hakitoshi. Gari limewekewa mfumo wa kusafisha kioo chote, na mfumo huo ukishindwa kufanya kazi, chanzo chake kinaweza kutafutwa kwa utaratibu.

Ukungu hutoka wapi

Ukungu ulio upande wa ndani ni maji yatokanayo na pumzi za abiria, nguo zilizolowa na kapeti yenye unyevu. Hewa yenye mvuke inapogusa kioo baridi, mvuke hugeuka kuwa matone madogo. Ili kuyaondoa, mfumo huhitaji mambo matatu: upepo wa kutosha, joto na hewa kavu. Kazi ya mwenye gari ni kubaini ni lipi kati ya hayo limekosekana.

Vitufe vikaguliwe kwanza

Magari mengi nchini hutoka Japani yakiwa yametumika, na maandishi yake hayasomeki kwa wengi. Hivyo ni vyema kuzitambua alama. Kioo cha mbele huoneshwa kwa umbo lililopinda juu, lenye mishale ipandayo. Umbo la mstatili ni la kioo cha nyuma. Kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake huzuia hewa ya nje kuingia. Kitufe hicho kikiachwa kimewashwa, pumzi za abiria huzunguka humo humo na ukungu huongezeka. Kizimwe, feni iongezwe, joto lifunguliwe, na kiyoyozi kiwashwe pamoja na joto hilo. Wapo wanaodhani kiyoyozi ni cha msimu wa joto pekee, lakini kazi yake nyingine ni kukausha hewa kabla haijafika kwenye kioo.

Upepo ukiwa hafifu

Iwapo feni hailii kabisa, fyuzi yake ikaguliwe kwanza. Ikiwa inafanya kazi kwa kasi ya juu pekee, mara nyingi kipunguza-kasi chake kimeungua. Ikiwa inavuma lakini upepo ni mdogo, kichujio cha hewa ya ndani, ambacho katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, huenda kimejaa vumbi. Majani yaliyokusanyika chini ya kioo, kwa nje, nayo huziba njia ya hewa. Upepo ukitoka miguuni badala ya kwenye kioo, kilango cha kugawa hewa kimekwama.

Joto likikosekana

Joto la hita hutoka kwenye maji ya rejeta, ambayo hupita katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Injini ikishapata moto na kuzimwa, mipira miwili ya hita iguswe kwa tahadhari. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita, na hitilafu huenda iko kwenye kilango cha kuchanganya hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, hita imeziba au koki yake imefungwa. Yote ikiwa baridi, maji yamepungua au injini haipati moto ipasavyo. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji hurushwa kwa shinikizo na kuunguza.

Hapa ndipo mazoea ya baadhi ya gereji yanapoleta madhara. Gari likichemsha, thamostati hung'olewa na kutupwa, au mipira ya hita huunganishwa yenyewe kwa yenyewe ili maji yasipite ndani. Mwenye gari huona tatizo limekwisha, kumbe katika maeneo ya baridi injini itachelewa kupata moto, itakula mafuta zaidi, na kioo hakitasafishika. Kutumia maji matupu badala ya kulanti nako huleta kutu inayoziba hita. Gari linaloishi kwenye baridi lirudishiwe thamostati, na chanzo halisi cha kuchemsha kitafutwe.

Unyevu usiokwisha

Joto na upepo vikiwapo lakini ukungu ukarejea upesi, kapeti iguswe. Ikiwa imelowa, maji ya mvua yanaingia kupitia mpira wa mlango au wa kioo. Ukungu wenye utelezi kama mafuta na harufu tamu ni dalili kwamba hita inavuja kulanti. Gari la namna hiyo lipelekwe kwa fundi bila kuchelewa. Kioo chenyewe kisafishwe kwa ndani, kwa kuwa uchafu hushika unyevu.

Mambo ya kuepuka

Maji ya moto yasimwagwe juu ya kioo chenye sakitu, kwani kinaweza kupasuka. Wipa zisiwashwe zikiwa zimeganda, maana huchanika au kuunguza mota. Kioo cha nyuma kisikwanguliwe kwa kitu kikali, kwa sababu nyaya zake nyembamba hukatika.

Endapo hitilafu haijatengenezwa, dereva afungue madirisha kidogo, afute kioo chote kwa kitambaa kikavu, na asiondoke mpaka aione barabara yote. Abiria nao wana haki ya kumtaka asubiri. Dakika chache za kuchelewa hufidika. Maisha ya mtu aliyekuwa akivuka barabara hayafidiki.