Marekani: Kumwekea mwenzako kiti ndani ya ndege, ugomvi uliodumu zaidi ya miaka 50

Tangu tarehe 27 Januari 2026, msafiri wa kampuni ya ndege ya Southwest, huko Marekani, anaingia ndani ya ndege akijua namba ya kiti chake. Kabla ya hapo, tangu safari zake za kwanza mwaka 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio, kampuni hiyo haikugawa viti. Kila mtu aliketi pale alipokuta nafasi.

Mabadiliko haya yanafunga ugomvi wa zamani: je, aliyeingia wa kwanza ana haki ya kumwekea kiti mwenzake aliye nyuma?

Kilichogawiwa wakati huo kilikuwa nafasi kwenye mstari. Tiketi ya kuingilia ilikuwa na herufi A, B ama C, na namba kuanzia 1 hadi 60. Aliyejiandikisha mapema, saa 24 kabla ya safari, alitangulia. Wengine walilipa pesa ya ziada ili wawe mbele. Watu wa kundi C mara nyingi walikuta vimebaki viti vya katikati tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baba mmoja analipa, anaingia mapema, anaweka koti kwenye kiti kimoja na mfuko kwenye kingine. Anayemfuata, ambaye naye amelipa, anaambiwa: «Hapa kuna mtu.» Kampuni haikuwa na sheria ya kuruhusu wala ya kukataza, na mara nyingi wahudumu waliwaacha wasafiri wapatane wenyewe. Wazazi wenye watoto wa miaka 6 kushuka chini tayari walikuwa na zamu yao, baada ya kundi A.

Kwa kukosa sheria, watu walijitungia adabu. Wengi walivumilia kiti kimoja, tena cha nyuma. Walichokataa ni kushika safu nzima, viti vya mbele, ama vile vya mlango wa dharura ambako miguu inanyooka. Sababu yao ni rahisi kuelewa: anayemwekea mwenzake kiti kizuri hatoi cha kwake, anatoa cha yule anayekuja nyuma. Mwenye heshima aliomba, hakuamuru. Ama alimngoja mwenzake, wakaingia pamoja kwa namba ya yule wa mwisho.

Southwest ilitangaza mabadiliko hayo mwezi Julai 2024, ikisema kwamba asilimia 80 ya wateja wake wanapendelea kiti chenye namba. Lakini kiti chenye namba ni kitu cha kuuza. Viti vyenye nafasi ya miguu vina bei yake, na mwenye tiketi ya bei ya chini kabisa hachagui: anapangiwa kiti wakati wa kujiandikisha.

Kwa familia za Wakongo waliohamia jimbo la Texas, ambako kampuni hiyo ina makao yake makuu, hilo ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa. Zamani, aliyetaka kuketi karibu na ndugu yake alihitaji kuamka mapema na kuomba kwa upole. Sasa, upole hautoshi tena, inafaa kuhesabu pesa.