Upasuaji wa ubongo umeisha, lakini mtoto bado anahitaji damu yako

Kila kikundi cha WhatsApp cha mtaa kimewahi kuletewa ujumbe huu: picha ya mtoto aliyefungwa bandeji kichwani, nambari ya simu ya mjomba wake, na maneno "Damu inahitajika haraka". Wengi tunaandika "Mungu amponye" kisha tunasonga. Kuna pia wale wanaouliza kimoyomoyo: si uvimbe umeshatolewa? Damu ni ya nini tena?

Swali ni la maana, na jibu lake halifurahishi. Kwa mtoto aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo, saa chache baada ya upasuaji ndizo wauguzi huziogopa zaidi, hasa siku ile ya kwanza.

Tuanze na mahali penyewe. Watoto wengi wenye ugonjwa huu huota uvimbe nyuma ya kichwa, upande wa kisogo, kwenye ubongo mdogo unaomsaidia mtu kutembea bila kuyumba. Ndiyo maana mtoto huanza kupepesuka kama mlevi, kichwa kinamuuma akiamka asubuhi, anatapika, halafu kufikia saa nne yuko fiti anacheza. Wazazi wengi hudhani ni minyoo au malaria. Ugonjwa ukigunduliwa, hupelekwa kwenye hospitali zenye wapasuaji wa ubongo, kama vile Kenyatta jijini Nairobi au Kijabe kule Kiambu.

Sasa fanya hesabu kidogo. Mtoto mdogo ana takriban mililita 75 za damu kwa kila kilo ya uzani wake. Mwenye miaka miwili na kilo 12 ana mililita 900 tu, mwili mzima. Soda ndogo ya chupa ni mililita 300. Akipoteza damu ya kujaza chupa hiyo moja, theluthi ya damu yake imekwenda. Wewe mwenye kilo 60 una zaidi ya lita nne. Ukipoteza kiasi hicho utaketi kidogo, unywe maji, urudi kazini.

Na uvimbe hauko mkavu. Unajitengenezea mishipa yake ya damu, mingine miepesi ya kupasuka. Kuna aina inayoota kwenye tishu inayotengeneza maji ya ubongo, na huwapata zaidi watoto wachanga. Hiyo huvuja damu vibaya sana, kwa mtoto ambaye damu yake yote haijai hata jagi.

Wapasuaji wana mbinu zao. Koleo za umeme huchoma mishipa na kuiziba. Nta hupakwa kwenye mfupa wa fuvu unaotiririka damu. Vipande laini vya nyuzi za mimea huachwa ndani vikigandisha damu, kisha huyeyuka vyenyewe. Ipo pia dawa iitwayo traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke mapema. Dawa hii ilitangazwa mwaka 1962 na Mjapani Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Mama huyo hakuwa na mahali pa kumwacha bintiye mdogo, hivyo alifanya kazi maabarani akiwa amembeba mgongoni. Mama yeyote wa Gikomba angemwelewa.

Basi kichwa kimefungwa, nyuzi zimeshonwa. Mbona damu itoke tena?

Mtoto akiamka hukohoa kwa sababu ya mrija uliokuwa kooni. Hulia. Hutapika. Presha inapanda, na mshipa mdogo uliokuwa umetulia unafunguka. Kama kuna kipande cha uvimbe kilichobaki, nacho huweza kuvuja. Tena mtoto aliyepoteza damu nyingi na kuongezewa maji mengi hubaki na damu nyepesi isiyoganda haraka. Mwili ukipoa ndani ya thieta mambo huwa mabaya zaidi, kwa kuwa damu ya mwili baridi haigandi vizuri.

Ukijikata mkono, damu inatoka nje na unaiona. Fuvu ni sanduku lililofungwa. Damu ikikusanyika ndani hufanya donge, donge linausukuma ubongo, na ubongo hauna pa kwenda. Kule kisogoni nafasi ni finyu zaidi, na jirani yake ni shina la ubongo linaloendesha pumzi. Donge dogo tu linaweza kuziba njia ya maji ya ubongo au kukatiza pumzi.

Ndiyo sababu muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi humwamsha mtoto kila saa, hata usiku, mama akilalamika kwamba mtoto ananyimwa usingizi. Anammulika tochi machoni aone kama mboni zote mbili zinasinyaa. Anamwambia afinye kidole. Mtoto aliyekuwa akiongea na sasa haamki vizuri, au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, hukimbizwa kwenye skani ya CT, na akikutwa na donge kubwa hurudishwa thieta chapchap. Wengi hawafikii hapo. Wanaofikia hawana muda wa kusubiri damu itafutwe.

Watoto pia hudanganya mashine. Presha yao hubaki sawa kwa muda mrefu huku moyo ukipiga mbio kufidia, halafu inaanguka ghafla. Damu inapaswa kuwa tayari kwenye friji kabla ya kisu kugusa ngozi.

Na hapo ndipo Kenya hukwama. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya damu yetu imetoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, friji hubaki na nafasi. Uvimbe haufuati kalenda ya shule.

Kuna msee atasema, "Mimi ni B, wameandika O." Nenda tu uulize. Mara nyingi hospitali humpa mtoto damu iliyopo ya kundi lake, kisha yako huingia kwenye akiba na kumfaa mwingine. Painti moja, mililita 450, hutenganishwa: chembe nyekundu, plazima, na plateleti, zile chembe zinazoanzisha kuganda kwa damu. Chembe nyekundu huhifadhiwa kwa zaidi ya mwezi. Plateleti hukaa kama siku tano pekee, kwa hivyo huwezi kuzirundika leo ukitarajia zisaidie mwezi ujao. Na kwa yule mtoto wa kilo 12, painti yako ni sawa na nusu ya damu yake yote.

Ukiwa na miaka 16 hadi 65, uzani wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, unaweza kutoa. Wanaume hukaa miezi mitatu kabla ya kurudia, wanawake minne. Vituo vikuu viko Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Eldoret na Embu. Damu yenyewe hutoka kwa kama dakika 10. Kula kwanza, unywe maji ya kutosha, na kama umemeza aspirini siku hizi za karibuni, waambie kabla sindano haijaingia, kwa maana inazidhoofisha plateleti.