Histeresisi ya Pembe ya Mgusano: Kwa Nini Tone Moja Huwa na Pembe Zaidi ya Moja

Tone la mvua lililonasa kwenye kioo cha dirisha halina ulinganifu. Upande wake wa chini hufura na upande wa juu huwa mwembamba. Pembe ambayo maji hufanya na kioo, yaani pembe ya mgusano, ni kubwa chini na ndogo juu, ilhali maji ni yaleyale na kioo ni kilekile. Ukingo wa tone ukisukumwa mbele, hausogei mpaka pembe ifikie kiwango fulani cha juu. Ukivutwa nyuma, hausogei mpaka pembe ishuke hadi kiwango fulani cha chini. Tofauti ya viwango hivyo viwili, pembe ya kusonga mbele na pembe ya kurudi nyuma, ndiyo iitwayo histeresisi.

Nadharia ya Thomas Young ya mwaka 1805, ambayo mwenyewe aliieleza kwa maneno bila kuandika mlinganyo, haitoi nafasi kwa hali hiyo. Mivutano mitatu inayokutana ukingoni mwa tone ikilingana, hupatikana pembe moja tu. Lakini nadharia hiyo inachukulia kuwa uso wa yabisi ni laini kabisa, una kemia moja kila mahali, na haubadiliki unapoguswa na kimiminika. Nyuso za kawaida hazina sifa hizo. Marekebisho ya Wenzel (1936) na ya Cassie na Baxter (1944) yaliingiza mparuzo na mchanganyiko wa kemikali, ila kwa kuchukua wastani. Nayo hutoa pembe moja, na kwa hiyo hayawezi peke yake kueleza histeresisi.

Maelezo yamo katika mstari wa mgusano wenyewe. Mstari unaosonga mbele huzuiwa na madoa yanayokataa maji, na unaorudi nyuma hushikwa na madoa yanayoyapenda. Ndiyo maana pembe ya kwanza huakisi zaidi sehemu kavu za uso, na ya pili sehemu zinazolowa kwa urahisi. Mparuzo hufanya kazi kama hiyo: mstari ukifika kwenye ukingo mkali husimama hapo mpaka pembe itosheleze mteremko wa upande wa pili. Kila kizuizi ni kizingiti cha nishati. Kwa doa lenye upana wa mikromita 1, kizingiti huweza kufikia kadiri ya jouli 10⁻¹⁴, ilhali nishati ya mtikisiko wa joto katika halijoto ya chumba ni takriban jouli 4 × 10⁻²¹. Tone haliwezi kujinasua lenyewe. Hubaki lilipokwama, hata kama pembe ya Young iko mbali. (Katika polima, hata zilizo laini, molekuli za uso hujipanga upya chini ya maji, na histeresisi hutokea kwa njia hiyo pia.)

Madhara yake si madogo. Nguvu inayoshikilia tone kwenye uso ulioinama hukadiriwa kwa kuzidisha mvutano wa uso wa kimiminika, upana wa tone, na tofauti ya kosaini za pembe hizo mbili. Chukua tone la maji la mikrolita 15, lenye upana wa milimita 4 na uzito wa mikronewtoni 147 hivi. Pembe zikiwa 100° na 60°, nguvu hiyo ni takriban mikronewtoni 194: tone litabaki hata ukutani. Zikiwa 100° na 95°, ni takriban 25 tu, na tone litateleza uso ukiinama kiasi cha 10°. Mtafiti aliyeripoti 100° peke yake atakuwa amezieleza nyuso hizo mbili kana kwamba ni moja.

Kasoro hiyo hutokea kwa urahisi maabarani. Njia iliyo salama ni kuacha sindano ndani ya tone, kuongeza kimiminika polepole hadi mstari usogee, kusoma pembe, kisha kukifyonza hadi mstari uanze kurudi, na kusoma tena. Tone lililowekwa tu na kupigwa picha baada ya dakika chache huwa limekwisha kupungua kwa uvukizi huku mstari wake umekwama, na pembe inayosomwa inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili.