Orodha "imetumwa", lakini haikufika: kwa nini?

Viongozi wa kamati na familia mlioko katika vituo vya wakimbizi wa ndani, mara nyingi tunapokea swali hili: "Majina yetu mliyaandika, mbona siku ya ugawaji hayakuonekana?" Swali hilo huzaa lingine lililo baya zaidi: nani ameyauza? Katika kituo kimoja cha Ituri tuliona rais wa kamati akilala kwa jirani usiku kadhaa kwa kuogopa hasira ya watu, kumbe orodha ilikuwa bado imebaki ndani ya kompyuta ya ofisi yetu. Kosa lilikuwa letu, na tunaona ni haki yenu kujua lilivyotokea.

Kila familia inayoandikwa huingizwa katika programu ya kompyuta inayotunza majina. Jioni programu hiyo hutengeneza orodha na kuituma yenyewe, kwa barua-pepe, kwa wale wanaoleta chakula. Lakini haiendi moja kwa moja hadi kwao. Inafanya kama mtu anayepeleka barua posta: inafika kwenye seva ya barua, inataja jina lake na neno la siri, kisha inakabidhi mzigo. Seva hiyo ndiyo inatafuta seva ya mpokeaji. Sasa, programu nyingi huandika "imetumwa" mara tu barua inapowekwa kwenye foleni, hata kama mlango wa posta haujafunguliwa. Neno hilo ndilo lilitudanganya.

Kwetu mlango ulifungwa kwa sababu ya neno la siri. Tangu tarehe 30 Mei 2022, Gmail haikubali tena programu za zamani kuingia kwa neno la siri la kawaida. Mwenye anwani anapaswa kuwasha uhakikisho wa hatua mbili, halafu kuomba neno la siri la pekee kwa ajili ya programu, lenye herufi 16. Mwenzetu alibadilisha neno la siri la sanduku letu, jambo zuri kwa usalama. Lakini ukibadilisha lile kubwa, yale ya programu yanafutwa yote. Hakuna aliyekumbuka.

Seva haikatai kimya. Inarudisha namba, na namba hiyo hubaki katika daftari la makosa la programu. 535 maana yake jina au neno la siri limekataliwa. 552 mara nyingi maana yake mzigo ni mkubwa mno: Gmail inaruhusu kutuma mwisho megabaiti 25, na picha zikifungwa ndani ya barua huongezeka uzito kwa karibu theluthi moja. 550 mara nyingi ni anwani iliyoandikwa vibaya. Namba inayoanza na 4 inasema jaribu tena baadaye. Inayoanza na 5 inasema usirudie kabla ya kurekebisha. Kama hakuna namba yoyote, tunaangalia kwanza intaneti, kisha kama programu inatumia mlango 25, ambao makampuni mengi ya intaneti huufunga. 587 ndio unaofaa.

Tusisahau saa. Betri ndogo ya kompyuta ya zamani ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na programu inakataa mazungumzo ya siri na seva, kwa kuwa mashine haijui ni mwaka gani. Tumeshapoteza asubuhi nzima kwa jambo hilo.

Ndugu viongozi, mkija ofisini msiulize tu "mmetuma?" Ulizeni: nani amejibu kwamba amepokea, siku gani, na amehesabu familia ngapi? Hesabu hiyo ilinganishwe na nakala ya karatasi mliyotia sahihi, ambayo lazima ibaki kwenu. Kama hailingani, ombeni muonyeshwe ile namba ya kosa, mwende kuisoma mbele ya watu wa kituo.

Jambo moja tunalikataa: kupiga picha orodha na kuisambaza kwa simu kwa sababu barua imekwama. Orodha hiyo inataja kijiji familia ilikotoka, na simu hupita mikono mingi. Ni afadhali mjumbe apande pikipiki na karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa, hata kama ugawaji utachelewa siku moja.