Je, Wajua? Honi Ikilia, Mkono Uende Wapi?

Je, wajua kuwa ndege inaweza kustoli huku injini ikinguruma kwa nguvu zote? Kosa ni pua kuinuliwa mno. Pembe kati ya bawa na upepo ikizidi nyuzi 15 au 16 hivi, hewa huachana na mgongo wa bawa, na bawa halibebi tena.

Je, wajua kuwa honi ya stoli ya Cessna 172 nyingi haihitaji umeme? Ukingoni mwa bawa la kushoto kuna tundu. Stoli ikikaribia, hewa hufyonzwa kupitia tundu hilo na kutetemesha ulimi mwembamba kama wa zumari. Kabla ya kuruka, rubani huweka kitambaa safi tunduni na kuvuta pumzi kwa mdomo, asikie kama inalia. Kitambaa asikisahau, huku Mwanza wadudu wa ziwani ni wengi.

Je, wajua kuwa Februari 28, 1931, Imperial Airways ilianzisha safari za kila wiki kutoka London hadi Mwanza? Wakati huo honi za stoli hazikuwapo. Mmarekani Leonard Greene alikuja kutengeneza kifaa cha kuonya stoli miaka ya 1940. Rubani alitegemea usukani kulegea na ndege kutetemeka.

Ndege inayostoli kwa kilomita 90 kwa saa ikiwa imenyooka, itastoli kwa 127 ikilalia kona kwa nyuzi 60 bila kushuka. Ndiyo maana kona ya mwisho kabla ya kutua inaogopwa.

Uwanja wa Mwanza uko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo kipima mwendo kikisoma sawa na Dar es Salaam, ndege huku inakwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 6. Mgeni akitazama ardhi huona anakimbia mno, akatamani kupunguza. Aamini kipimo, si macho.

Lakini onyo peke yake halitoshi. Mwaka 2009, ndani ya ndege ya Air France 447, onyo la stoli lililia sekunde 54 mfululizo na pua ikaendelea kuvutwa juu. Walikufa watu 228.

Dawa ya stoli ni kusukuma usukani mbele, hata kama chini kuna maji. Mkono wa binadamu hutaka kuvuta. Kuuzoesha kinyume ni kazi ya mwalimu, angani, juu sana, tena na tena. ATR zinazotua Mwanza zina kifaa kinachousukuma usukani chenyewe. Cessna ya viti vinne haina.