Pikapu Inagonga Mlimani? Tambua Mlio Kabla Hujagusa Taimingi

Leo tuache mbegu na mbolea kidogo, tuongelee pikapu. Mkulima wa biashara asiye na usafiri anauza kwa bei ya dalali aliyemfuata shambani. Kwa hiyo gari nalo ni pembejeo, na lina magonjwa yake kama mazao.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Ruaha Mbuyuni alinipigia simu akiwa amesimama katikati ya mlima Kitonga, amebeba vitunguu anavipeleka Iringa. Pikapu yake ni ya zamani, ya petroli, yenye kabureta na distribyuta. Kila akikanyaga mafuta inalia "krakrakra". Fundi mmoja aliyesimama kumsaidia akamwambia injini imenoki, aishushe. Na pesa ya kushusha injini ndiyo hiyo hiyo aliyotenga kwa ajili ya mbegu.

Nikamuuliza maswali mawili tu. Ukiachia mafuta, mlio unabaki au unaisha? Taa ya oili inawaka? Akasema unaisha, na taa haiwaki. Nikamwambia: usishushe kitu. Acha injini ipoe, angalia maji na oili, halafu panda na gia ndogo polepole, tukutane Ilula.

Mimi si fundi wa gereji, ni bwana shamba. Lakini ni kama mmea: jani la njano linaweza kuwa njaa ya naitrojeni, maji mengi au ugonjwa. Ukitibu bila kutambua, unatupa pesa. Injini nayo ina milio mitatu inayochanganywa sana.

1. Mlio wa mwako. Ni kama punje za mahindi makavu zikitikiswa kwenye debe. Unatokea ukiwa na mzigo, mlimani, au gia kubwa kwa mwendo mdogo. Ukiachia mafuta unapotea. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa unalipuka wenyewe kwa joto na mgandamizo, badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Ukiuacha, unaweza kutoboa pistoni au kuunguza gasketi ya silinda hedi. Huu ndio mlio ambao taimingi inaweza kuutibu.

2. Mlio wa konrodi. Ni mzito, "dug, dug, dug", unatoka chini ya injini. Unasikika zaidi injini ikipata moto na oili ikawa nyepesi, na mara nyingi taa ya oili inamulika ukiwa kwenye sailensa, yaani hujakanyaga mafuta. Beringi zimelika. Zima gari, tafuta wa kulivuta. Hapa taimingi haisaidii chochote. Kuna mtu alirudishiwa taimingi nyuma ili mlio upungue, akaendelea kubeba mahindi. Konrodi ikatoboa bloku njiani. Kazi ya kubadilisha beringi ikageuka kuwa kutafuta injini nyingine.

3. Mlio wa valvu. Ni mwepesi, "chik chik chik", unatoka juu, upo hata bila mzigo, unaongeza kasi pamoja na injini. Mara nyingi ni nafasi za valvu zimeachia. Zirekebishwe kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Sasa, hata ukishajua ni mlio wa mwako, usikimbilie distribyuta. Anza na haya:

- Joto. Rejeta iliyoziba matope au mkanda wa feni uliolegea unatosha kuleta mlio. Sisi wa barabara za vumbi hili ndilo linatusumbua sana.
- Petroli. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inalipuka mapema. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na mchezo huo, lakini petroli ya kwenye madumu kijijini hujui imepita wapi. Kama mlio umeanza baada ya kujaza sehemu mpya, anza kushuku hapo.
- Hewa nyingi kuliko petroli. Kabureta chafu, au mpira uliopasuka unaonyonya hewa ya pembeni.
- Plagi. Weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Plagi isiyolingana inaweza kubaki na moto mwingi mno ndani ya silinda.
- Masizi. Injini iliyokula oili muda mrefu inajaza masizi juu ya pistoni. Mgandamizo unaongezeka, na masizi yenyewe yanashika moto.

Hayo yakiwa sawa, ndipo tunapima taimingi. Unahitaji taa ya taimingi. Kama huna, azima kwa fundi, au lipa fundi mwenye nayo na usimame pale ukiangalia. "Kwa sikio" ndiko kulikomponza kijana wetu.

1. Rekebisha kwanza nafasi ya pointi, kama distribyuta yako ni ya pointi, maana ukiigusa baadaye taimingi inahama.
2. Washa injini ipate moto wa kawaida, sailensa iwe ile ya kitabu. Gia iwe huru, breki ya mkono imevutwa. Shati na nywele vikae mbali na feni.
3. Tafuta namba ya digrii kwenye kibandiko chini ya boneti au kwenye kitabu. Usichukue namba ya gari la jirani. Zima injini, kisha paka chaki alama ya kwenye puli ya kranki.
4. Kama kitabu kinaelekeza hivyo, chomoa kimpira cha vakyumu kwenye distribyuta na uzibe ncha yake.
5. Injini ikiwa bado imezimwa, funga taa kwenye betri na waya wa plagi namba moja. Washa tena, mulika puli, soma.
6. Kabla ya kugeuza, chora mstari wa chaki kwenye distribyuta ilipokaa, ili ukipotea uweze kurudi. Legeza bolti yake kidogo tu. Ukiigeuza kufuata upande rota inakozunguka, unachelewesha. Kinyume chake, unawahisha. Geuza taratibu: digrii 1 ya distribyuta ni digrii 2 kwenye kranki.
7. Kaza, pima tena, rudisha kimpira, kajaribu na mzigo mlimani.

Mlio ukibaki kidogo, chelewesha digrii 1 au 2 za kranki, ujaribu tena. Usizidishe: taimingi iliyochelewa sana inamaliza nguvu, inakula mafuta na kuchemsha injini. Ikiwa namba ni sahihi na bado inagonga, rudi kwenye orodha ya juu, na mwambie fundi akague springi na uzito ndani ya distribyuta.

Kuna jambo linawapata sana watu wa nyanda za juu. Huku hewa ni nyepesi na baridi, kwa hiyo injini inavumilia taimingi iliyowahishwa. Mtu anaona gari limechangamka, anafurahi. Akishuka bondeni kwenye joto na hewa nzito, halafu apande na mzigo, mlio unaanza. Kwa hiyo jaribio la Iringa mjini bila mzigo halikwambii gari litafanyaje Kitonga saa nane mchana.

Wenye Canter na Fuso za dizeli: haya ya distribyuta hayawahusu. Dizeli inagonga kidogo kwa asili yake. Mgongo ukizidi ghafla, kagua nozeli na pampu kwa fundi wa pampu.

Na yule kijana? Pale Ilula tulikuta rejeta nusu imeziba matope. Taa ya taimingi ikaonyesha distribyuta imewahishwa mbali kupita kibandiko. Wiki mbili kabla, fundi alikuwa ameisogeza kwa sikio "ili iwe na nguvu". Tulisafisha, tukarudisha kwenye namba, akaondoka. Injini haikushushwa, na mbegu alinunua.

Kwa hiyo kabla ya msimu wa kubeba, panda mlima mmoja na mzigo, zima redio, shusha kioo, usikilize.