Mvukuto wa kamera umetoboka? Usikimbilie ngozi!

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka kuongelea mvukuto wa kamera, na nina sababu yangu.

Babu aliniachia kamera ya zamani ya kukunja. Nikanunua mkanda mmoja wa 120, ule unaotoa picha 12 za sentimita 6 kwa 6, nikaenda kijijini kumpiga picha bibi. Kuja kusafisha, lahaula! Kila picha ina waa jeupe palepale, juu ya uso wake. Miezi michache baadaye bibi akafariki. Ndo hivyo tena.

Mvukuto ni kile kifuko cheusi chenye mikunjo, kama kodiani la taarabu, kinachounganisha lenzi na mgongo wa kamera. Kazi yake ni kukunjika bila kupitisha mwanga. Tundu la ncha ya sindano linatosha kukuharibia picha, na mara nyingi huanzia kwenye pembe, kwa sababu hapo ndipo panapokunjwa zaidi.

Kulitafuta ni rahisi. Ingia chumba chenye giza totoro, kamera ikiwa haina mkanda. Fungua mgongo, ingiza tochi ndogo ndani ya mvukuto, kisha ziba mgongo kwa nguo nzito. Subiri kama dakika 5 macho yazoee. Ukiona vinyota, ndio wabaya wako. Mimi niliviona tisa.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kila mtu kijiweni aliniambia "weka ngozi". Nikaenda kwa fundi viatu, nikapata ngozi safi ya milimita 1. Nikahangaika nayo wiki nzima, mwisho kamera ikagoma kufunga! Piga hesabu mwenyewe: mvukuto wangu una mikunjo 12, na kila mkunjo una kuta mbili, jumla 24. Ngozi peke yake ni milimita 24, na nafasi iliyopo kwenye kamera ni 18 tu.

Kilichonisaidia ni tabaka tatu nyembamba. Nje nikaweka kitambaa cha pazia la kuzuia giza lisitoke na mwanga usiingie, kile chenye mpira nyuma, ila nikachagua chepesi kabisa. Katikati, vibanzi vya karatasi ya manila ili mikunjo ishike umbo. Kwenye pembe usiviweke, utashindwa kukunja. Ndani, bitana nyeusi ya pamba isiyong'aa, maana king'aacho hurudisha mwanga kwenye mkanda. Zote tatu zilitoka kama milimita 0.6. Zidisha mara 24, unapata 14.4. Kamera ikafunga, tena kwa raha.

Nguo ya mwavuli je? Ni nyembamba na nyeusi, lakini iweke mbele ya tochi uone inavyokusaliti. Weusi si kinga ya mwanga, jamani. Ngozi ya plastiki nayo nyingine hupasuka haraka kwenye mikunjo. Kwa hiyo kabla hujakata chochote, kunja kipande mara 50 mahali palepale, kisha kipime kwa tochi hapo hapo kwenye mkunjo. Kikipitisha, achana nacho.

Gundi: mimi nilitumia ile nyeupe ya mbao, nikaipaka kidogo sana. Iache ikauke vizuri kabla ya kufunga kamera, la sivyo mikunjo itagandana.

Kama matundu ni mawili matatu tu, usibomoe mvukuto mzima. Changanya gundi hiyo na rangi nyeusi ya maji, paka kwa ncha ya njiti, acha kamera wazi siku nzima. Selotepu ya umeme usiguse: joto likipanda gundi yake inatoka na kunata kila mahali.

Mwezi uliopita nimempiga mama, picha 12, zote safi. Nimeanza na yeye kwa makusudi.

Haya, mwenye kamera ya babu kabatini aitoe leo aipime. Umeona vinyota vingapi? Tuambizane hapo chini.